Baler, mji uliochelewa kupata habari

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi hapa Muscat, mzaliwa wa Unguja. Mwenzangu wa zamu, Mfilipino, amenialika kwao likizo ya Desemba, mji wa pwani unaoitwa Baler. Kila nikimuuliza kwao pana nini hunijibu, 'Sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kujua kwamba vita vimekwisha.' Nikitafuta picha naona vijana wanaoteleza juu ya mawimbi, basi. Mji huu umekaa wapi hasa, una historia gani, na Desemba ni wakati mzuri wa kwenda? Bahari naijua tangu utotoni."

Dada, mwenzako amekwambia kweli tupu, na katika sentensi ile moja amekupa karibu historia yote ya kwao. Nimefika Baler mara mbili, na nafundisha historia ya miji ya bandari, kwa hiyo swali lako limenifurahisha. Nitakujibu kwa kirefu.

Chukua ramani ya Ufilipino utazame kisiwa kikubwa cha kaskazini, Luzon. Manila imekaa upande wa magharibi. Sasa kikate kisiwa kwenda mashariki, mwendo wa kilomita kama 230 kwa barabara, mpaka ukutane na bahari ya upande wa pili. Hapo ndipo Baler, makao makuu ya mkoa wa Aurora, mji wa watu zaidi ya 40,000. Mbele yake ni ghuba ndogo, na baada ya ghuba ni Pasifiki, maji matupu mpaka macho yachoke. Nyuma yake imesimama Sierra Madre, safu ya milima iliyo ndefu kuliko zote nchini humo, imevaa msitu. Ukiuelewa mlima huo umeuelewa mji. Kwa mamia ya miaka mtu wa Baler alipotaka kufika Manila alikuwa na njia mbili: apande chombo aizunguke nusu ya Luzon, au apande mlima kwa miguu siku kadhaa. Habari nazo zilisafiri kwa njia hizohizo, na mara nyingi zilifika zimechoka.

Kabla ya mapadri, pwani ile ilikuwa ya Wadumagat, wawindaji na wavuvi ambao wazao wao wangali wakiishi katika misitu na fukwe za mkoa huo. Wamisionari Wafransisko wa Kihispania walianzisha kijiji cha Baler mwaka 1609, karibu na maji, palepale ambapo leo wageni hukodi mbao za kuchezea mawimbi. Kilidumu pale miaka 126. Usiku wa tarehe 27 Desemba 1735 bahari ilipanda ikakifuta. Wahispania waliliita tukio hilo tromba marina. Siku hizi tungesema tsunami. Familia chache zilizowahi kupanda kilima cha Ermita ndizo zilizosalimika, na ndizo zilizoanzisha mji upya ndani kidogo, mbali na ufuo, mahali ulipo hadi leo. Chini ya kilima wamejenga sanamu za watu wanaokimbilia juu, wakivutana mikono. Waombe wenyeji wako wakupandishe Ermita siku ya kwanza kabisa, asubuhi. Juu pale utaiona ghuba yote, mdomo wa mto Aguang, na ufuo wa Sabang ulivyo tambarare, na utaelewa bila kuelezwa kwa nini watu walikimbilia hapo. Kisha uliza ukoo wa mwenzako ulikuja Baler lini. Wapo wanaohesabu kizazi kwa kizazi mpaka kilimani.

Sasa tuje kwenye vita. Hapa nitakaa, kwa sababu wewe ni muuguzi, na kisa hiki ni cha wauguzi kama kilivyo cha askari.

Mwaka 1898 Wafilipino walikuwa wamekwisha kuinuka dhidi ya Uhispania, na Marekani nayo ilikuwa vitani na Uhispania hiyohiyo. Baler kulikuwa na kikosi kidogo cha Wahispania, askari waliozidi 50 kidogo, chini ya kapteni Enrique de las Morenas. Walipoona wenyeji wanahama mji usiku usiku, walijua kinachokuja. Wakaingia ndani ya kanisa, jengo imara kuliko yote mjini, lenye kuta nene za mawe. Wakaziba madirisha, wakachimba kisima, wakangoja. Tarehe 1 Julai 1898 Wafilipino, wakiongozwa kwanza na mwenyeji wa hapohapo, Teodorico Luna Novicio, waliwazingira.

Wahispania walidhani msaada utafika baada ya wiki chache. Agosti 13 Manila ikaanguka mikononi mwa Wamarekani. Wenyeji wakawapigia kelele kutoka kwenye mahandaki kwamba mambo yamekwisha, wakawaachia magazeti na barua. Waliomo ndani wakasema ni hila.

Adui aliyewamaliza hakuwa risasi. Walikula mchele mweupe, unga uliooza na vyakula vya makopo vilivyoharibika, mwezi baada ya mwezi, bila mboga wala matunda. Miguu ikaanza kuvimba, uvimbe ukapanda, kisha moyo ukachoka. Wewe umekwisha kulitambua jina la ugonjwa huo: beriberi, upungufu wa vitamini B1. Wakati ule hakuna aliyejua vitamini ni kitu gani. Luteni Juan Alonso alikufa Oktoba, kapteni de las Morenas akafuata Novemba, na uongozi ukamwangukia luteni Saturnino Martín Cerezo. Daktari wa kikosi, Rogelio Vigil de Quiñones, naye alikuwa mgonjwa hoi, lakini macho yake ya kitabibu yalikuwa mazima: alisema bila majani mabichi watakwisha wote. Basi tarehe 14 Desemba askari wachache walitoka ghafla, wakachoma nyumba zilizokuwa karibu na kanisa, na katika ile patashika wakarudi na walichokifuata: machungwa na majani ya maboga. Majani ya maboga, dada, yaleyale tunayoyachuma uani na kuyapika kwa nazi. Wagonjwa wakaanza kupata nafuu. Huko Paris, siku nne kabla ya hapo, tarehe 10 Desemba, Uhispania ilikuwa imetia saini mkataba wa kuiachia Marekani Ufilipino yote kwa dola milioni 20. Wale watu walihatarisha roho zao kwa ajili ya nchi iliyokwisha kuuzwa.

Na wenyeji je? Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa upande wa Wahispania peke yao, nami sikubaliani na hilo. Wafilipino waliokuwa nje ya kanisa walikuwa wamejitangazia uhuru Juni 12, 1898, na kuanzia Februari 4, 1899 walikuwa vitani na bwana mpya, Mmarekani. Aprili ya mwaka huo manowari ya Marekani, Yorktown, ilikuja Baler kuwatoa Wahispania. Mashua yake ilipoingia mtoni ilivamiwa na wenyeji, na mabaharia waliosalimika wakachukuliwa mateka pamoja na ofisa wao, James Gillmore. Kijiji kile kiliwazingira Wahispania kwa mkono mmoja na kuwazuia Wamarekani kwa mkono mwingine.

Mwishoni mwa Mei ofisa wa Kihispania, Luteni Kanali Cristóbal Aguilar, aliletwa mpaka kanisani kuwaamrisha watoke. Martín Cerezo hakumwamini hata yeye, akiwa na mavazi yake rasmi. Aguilar aliacha magazeti. Martín Cerezo aliyafungua akitafuta makosa ya waghushi, akakuta kihabari kidogo cha mistari michache katika El Imparcial: luteni fulani, Francisco Díaz Navarro, amehamishiwa Málaga. Huyo alikuwa rafiki yake. Aliwahi kumweleza mwenyewe, faraghani, kwamba vita vikiisha ataomba apelekwe Málaga. Hakuna mtu wa Baler ambaye angeweza kulijua jambo hilo akalitunga. Kwa hiyo gazeti ni la kweli, na kila kilichoandikwa ndani yake ni kweli. Tarehe 2 Juni 1899, siku ya 337, walipandisha bendera nyeupe. Kati yao walikuwa wamebaki 30 na kitu.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niupende mji huu. Wafilipino hawakuwafunga. Rais wao, Emilio Aguinaldo, alitoa amri tarehe 30 Juni kwamba watu hao wasihesabiwe mateka bali marafiki, wapewe hati za kupita warudi kwao. Mwaka 2003 bunge la Ufilipino liliifanya tarehe 30 Juni kuwa Siku ya Urafiki kati ya nchi hizo mbili, na Baler huisherehekea kila mwaka. Kanisa utaliona katikati ya mji. Jengo la leo limejengwa upya palepale, kwa hiyo usitafute matundu ya risasi ukutani; soma kibao kilicho nje, kisha uingie kwenye jumba la makumbusho, Museo de Baler, lililo karibu.

Nje ya makumbusho hayo utamkuta mtu mwingine wa Baler, ameketi katika sanamu kubwa: Manuel Luis Quezon, aliyezaliwa hapa tarehe 19 Agosti 1878, wazazi wake wakiwa walimu. Hilo jina la Luis alilipata kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kanisa lile. Mwaka 1935 akawa rais wa serikali ya ndani iliyoundwa chini ya Marekani kuandaa uhuru, na alifia uhamishoni Marekani, Agosti 1, 1944, vita vya dunia vikiwa havijaisha.

Kwa msemaji wa Kiswahili, jambo kubwa la Quezon ni lugha. Nchi ina lugha zaidi ya 100, na hakukuwa na moja iliyoweza kumkutanisha mtu wa kaskazini na wa kusini isipokuwa za wageni. Desemba 30, 1937, Quezon alitangaza kwamba Kitagalogi, lugha ya kwao, ndicho kitakuwa msingi wa lugha ya taifa. Wenye lugha nyingine kubwa, hasa Kisebuano, walinung'unika, na manung'uniko hayo hayajaisha. Wewe wa Unguja hutashangaa: miaka 9 tu kabla ya hapo, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya kwenu iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na watu wa Mvita na Lamu walikuwa na yao ya kusema. Mwezi mzima wa Agosti, mwezi aliozaliwa Quezon, shule za Ufilipino huadhimisha lugha ya taifa. Mwambie mwenzako habari za Kiunguja na Kimvita uone mazungumzo yatakavyonoga usiku wa zamu.

Mkoa wenyewe umepewa jina la mkewe, Aurora Aragon, naye mzaliwa wa Baler. Aprili 28, 1949 alikuwa njiani kwenda kwao kufungua hospitali ya kumkumbuka mumewe. Msafara wake ulishambuliwa kwenye barabara ya milimani, karibu na Bongabon, akauawa pamoja na binti yake mkubwa na mkwe wake. Mji wa jirani na Baler unaitwa Maria Aurora kwa jina la binti huyo. Utaupitia ukienda kuuona mti maarufu wa balete, jamaa ya mikuyu yetu, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 600. Mizizi yake imeshuka kutoka juu ikasukana kama mikono, na ndani yake pana uwazi ambao mtu mwembamba huingia upande mmoja akatokea mwingine.

Na wale vijana wa kwenye picha? Mwaka 1976 mwongozaji wa Kimarekani, Francis Ford Coppola, alikuja kupiga filamu yake ya vita vya Vietnam, Apocalypse Now. Alihitaji ufuo wenye mawimbi makubwa kwa tukio la askari wanaoteleza baharini chini ya helikopta, akalipigia Baler, mahali ambapo sasa panaitwa Charlie's Point. Watu wa filamu walipoondoka waliacha mbao zao. Watoto wa wavuvi wakaziokota, wakajifundisha wenyewe, wakawafundisha wadogo zao. Leo baadhi ya walimu wa ufuo wa Sabang ni wana na wajukuu wa watoto hao.

Uliposema bahari unaijua nilitabasamu kwa furaha, maana kuna unayoijua na kuna usiyoijua. Unayoijua ni vyombo na pepo. Bangka zao ni nyembamba, zina vielea viwili vya mianzi, kimoja kila ubavu. Ukiiona utaita ngalawa bila kufikiri. Hujakosea: muundo huo waliueneza mabaharia wa visiwa vya upande ule, ukavuka Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Pepo zao ni mbili kama zetu. Amihan huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia karibu Oktoba au Novemba hadi Machi, nasi huuita kaskazi. Habagat hutoka kusini magharibi katikati ya mwaka, na ni ndugu wa upepo unaowaletea kharifu, msimu wa manyunyu na ukungu, kule Salalah, kusini ya Oman.

Usiyoijua ni Pasifiki. Sisi Unguja upande wa mashariki tuna mwamba unaoyavunja mawimbi mbali, yakafika ufuoni yamepoa. Sabang haina ngome hiyo. Mchanga wake ni wa kijivu, si mweupe kama wa Paje, na wimbi huja zima zima mpaka miguuni. Desemba amihan imeshika, mawimbi ni marefu, na maji yanaporudi huvuta miguu kwa nguvu ambayo sikuwahi kukutana nayo nyumbani. Wanaojua mawimbi huja wakati huo makusudi, kati ya Oktoba na Februari. Wewe jifunze kwenye povu karibu na nchi kavu, na mwalimu awe kando yako, wala usiogelee peke yako zaidi ya kiuno hata kama Forodhani ulikuwa bingwa wa kuruka. Mvua nayo itakuwepo, kwa kuwa pwani hiyo haina kiangazi cha kweli. Vimbunga, ambavyo kama 20 kwa mwaka huingia katika eneo la nchi hiyo, huwa vimepungua lakini havijaisha. Mkoa huu huvipokea uso kwa uso: Oktoba 2015 kimbunga Koppu, wao walikiita Lando, kilitua Casiguran, kaskazini ya Baler. Tangazo la hali ya hewa likitoka, fuata wenyeji wanavyofanya. Ukitaka bahari tulivu ya kuogelea na kwenda kwa mashua kwenye fukwe za Diguisit na Dicasalarin, basi nenda Aprili au Mei. Kwa ziara ya kuonana na watu, Desemba hiyohiyo inafaa.

Maporomoko ya Ditumabo, katika wilaya ya jirani ya San Luis, utayafikia kwa kutembea kando ya kijito na kuvuka mara kadhaa juu ya mawe yanayoteleza. Vaa viatu vinavyoshika, na mvua ikiwa kubwa milimani ahirisha, kwa sababu kijito hujaa ghafla. Ukifika, maji yanamwagika kutoka juu kati ya kuta za msitu, na ubaridi wake utakutoa pumzi.

Lakini kama utakuwa na nusu siku tu, ningekupeleka kwa wasukaji. Huko wana mmea unaoitwa sabutan, wa jamii ya mkadi. Sisi mkadi tumeupenda kwa maua yake yenye harufu. Wao wamependa majani. Mama mmoja alinikalisha kibarazani kwake akanionyesha. Alilishika jani refu kama upanga, akazitoa kingo zenye miiba kwa mvuto mmoja, kisha akalipasua kwa kifaa cha meno membamba, likawa nyuzi zinazolingana. Hizo huchemshwa, huanikwa, hupigwa pasi ya mti mpaka zilale laini, kisha husukwa mikeka, kofia na mikoba. Hakusuka mshipi mrefu wa kushonwa baadaye kama tunavyofanya ukili. Alianzia katikati, nyuzi zikienda pande zote, na mkeka ukakua wenyewe mbele ya macho yangu. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya mkeka wa Pemba. Aliivuta karibu, akahesabu rangi zake moja moja, akamwita dada yake aje aone.

Chakula hakitakusumbua. Kuna samaki kila siku, na kuna pako, majani machanga ya kangaga yanayotengenezwa kachumbari kwa nyanya, vitunguu na siki, usiyakose. Kuna suman, mchele wa kunata uliopikwa kwa tui na kufungwa kwenye majani. Nyama ya nguruwe huingia kwenye vyakula vingi, hata mboga, kwa hiyo kama huli sema mapema "walang baboy", hakuna nguruwe, nao watakuelewa vizuri. Asante yao ni "salamat", neno lililotoka Kiarabu, ndugu wa salama yetu.

Utakapokutana na mama wa mwenzako, usinyooshe tu mkono. Kijana wa kule huchukua mkono wa mkubwa wake, akainama, akaugusisha kwenye paji la uso, akisema "mano po". Wewe uliyelelewa kwa shikamoo na kubusu mikono ya wazee utafanya hivyo kwa wepesi, na nyumba nzima itaona. Usiende mikono mitupu pia. Zawadi ya msafiri wanaiita pasalubong na huisubiri mlangoni. Chukua halua ya Muscat na tende nzuri. Basi kutoka Cubao, Manila, huchukua saa 6 hivi, na wiki ya kabla ya Krismasi nchi nzima husafiri, kwa hiyo mwambie mwenzako akate tiketi mapema. Mwombe akupe dirisha, na usilale baada ya Cabanatuan, maana milima huanza hapo.